OptiPlex ya zamani, bajeti ndogo: SSD, RAM, kadi ya picha, prosesa au kuhama mashine?

Mashine tunayoizungumzia imejaa kwenye maduka ya kompyuta zilizotumika, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue: Dell OptiPlex 9020 yenye Core i5 ya kizazi cha nne (mara nyingi 4570 au 4590), RAM ya GB 4 au 8, na hadi diski (hard disk, ile diski ya kuzunguka) ya GB 500. Ni kompyuta ya ofisi iliyotoka 2013. Haikutengenezewa gemu, lakini ina sloti ya PCIe 3.0 (tundu la kuchomekea kadi) yenye njia 16 na prosesa ambayo bado inajitahidi. HP EliteDesk 800 G1 inafanana nayo kwa mengi. OptiPlex 7010 ya kizazi cha tatu nayo imo, na palipo na tofauti tumeitaja.

Mwenye bajeti ndogo aanze kwa kujiuliza: siku nikiachana na mashine hii, nitaondoka na nini? SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya SATA inahama. Kadi ya picha inahama. RAM ya DDR3 haihami, maana mashine za kizazi cha nane zinatumia DDR4. Prosesa ya soketi ya LGA1150 inazikwa humo humo. Kwa sababu hiyo ulinganisho huu unaviunga mkono viwili vya mwanzo na kuvibana viwili vya mwisho.

## Kabla ya kununua chochote, tazama kesi

OptiPlex 9020 ilitoka kwa maumbo manne, na umbo ndilo linaloamua karibu kila kitu. Ile kubwa ya kusimama, MT, ina pawa saplai ya wati 290 na inapokea kadi za urefu wa kawaida. SFF, ile nyembamba inayolazwa mezani, ina wati 255 na inapokea kadi fupi tu, zile zinazouzwa kwa jina la "low profile". USFF na Micro, ndogo kuliko hizo, hazina nafasi ya kadi ya picha. Ukiwa na mojawapo ya hizo mbili, weka SSD na RAM, cheza gemu nyepesi, na pesa ya kadi iweke akiba ya mashine nyingine.

Mwenye SFF afungue kifuniko kwanza na kuangalia sloti ndefu iko wapi. Kama imebanwa karibu na pawa saplai, kadi yenye unene wa sloti mbili haitaingia. Itabidi itafutwe ya sloti moja. Pima kwa rula, maana picha za matangazo hazionyeshi unene.

Angalia pia monita. Nyingi zinazouzwa pamoja na mashine hizi zina VGA pekee, na kadi za kuanzia GTX 1050 Ti hazitoi tena VGA. Utahitaji adapta ya HDMI kwenda VGA yenye chipu ndani yake, maana kebo tupu iliyounganishwa ncha mbili haifanyi kazi. Hiyo ni gharama ndogo, lakini watu wengi huikumbuka wakishafika nyumbani.

## SSD dhidi ya RAM

Kama mashine bado inatumia hadi diski, SSD ndiyo ya kwanza. Windows 10 kwenye hadi diski hutumia muda mrefu ikiwa imefika asilimia 100 ya diski bila kazi ya maana, na gemu yenye ramani kubwa kama GTA V huanza kuonyesha barabara na majengo yakichelewa kutokea. SSD haiongezi fremu kwa sekunde katika gemu ambayo tayari imeshapakia. Inachoondoa ni kusubiri na kugandaganda kunakosababishwa na diski, na hilo utalihisi kila ukiwasha mashine.

Chukua ya SATA ya inchi 2.5. Sloti ya SATA ya 9020 inaishia kiasi cha MB 550 kwa sekunde, basi usilipie jina kubwa la kasi. NVMe (aina ya SSD yenye kasi zaidi) kwa adapta ya PCIe inaonekana ndani ya Windows, ila BIOS ya 9020 (programu ya mazabodi inayoiwasha mashine) huenda isiweze kuwashia Windows kutoka humo. Kuhusu ukubwa, GB 240 ni mtego: FC 25 peke yake inadai GB 100. GB 480 au 512 ndiyo inayokaa, na hadi diski ya zamani ibaki kwa filamu na gemu usizozicheza mwezi huu. Steam inakuruhusu kuhamisha gemu kutoka diski moja hadi nyingine bila kuipakua upya.

Kazi yenyewe ina mahali pawili pa kukosea. Kwanza, unapoweka Windows upya kutoka kwenye flashi, chomoa hadi diski ya zamani. Ukiiacha, faili za kuwashia zinaweza kwenda kwenye diski hiyo, na siku ukiitoa mashine haiwaki. Pili, ingia BIOS kwa F2 na utazame SATA Operation. Dell huziacha kwenye RAID On. Chagua AHCI kabla ya kuweka Windows. Ukibadilisha baada ya kuweka, utapata skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

Hapa betri ndogo ya CR2032 kwenye mazabodi inahusika. Mashine ya zaidi ya miaka kumi mara nyingi betri yake imekufa. Umeme ukikatika au ukizima ukutani, BIOS inasahau mipangilio, inarudi RAID On, na kesho yake Windows haiwaki. Wengi humpelekea fundi wakidhani SSD imeharibika. Badilisha betri siku hiyo hiyo unayofungua kesi.

RAM inafuata mara moja, na kwa mwenye GB 4 inalingana na SSD kwa uzito. GB 8 ndiyo sakafu ya gemu za leo. GB 16 ndiyo inayoruhusu gemu, Discord na kivinjari kukaa pamoja. Zaidi ya hapo ni kupoteza pesa kwa mashine hii. Vijiti viwili ni bora kuliko kimoja cha ukubwa ule ule, kwa sababu prosesa inasoma njia mbili kwa wakati mmoja. Katika OptiPlex jozi ya kwanza inaingia kwenye sloti zenye vibanio vyeupe.

Soma lebo kabla ya kulipa. Unatafuta PC3-12800U au PC3L-12800U. Herufi ya mwisho ikiwa R, hiyo ni ya seva, na mashine haitatoa picha. Ikiwa S, ni ya laptop. Kuna pia vijiti vya GB 8 vya bei ya chini mno vilivyoandikwa kuwa ni vya AMD: chipu zake zimepangwa kwa namna ambayo mashine za Intel za kizazi hiki hazizitambui. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za DDR4 na DDR5 zimepanda sana, kwa hiyo GB 8 za DDR3 zilizotumika ni njia rahisi ya kuongeza uhai. Zinunue, ila ziwe zilizotumika. DDR3 mpya kwa bei ya juu ni pesa usiyoondoka nayo.

## Kadi za picha, bega kwa bega

Sloti ya PCIe inatoa wati 75 tu, na pawa saplai ya OptiPlex haina waya wa ziada wa kadi. Basi wagombea ni wale wanaokula umeme wa sloti pekee.

| Kadi | Mwaka | Kumbukumbu | Umeme | Njia za PCIe | Draiva mpya za gemu |
|---|---|---|---|---|---|
| GT 1030 | 2017 | GB 2 | wati 30 | 4 | zimekoma |
| GTX 750 Ti | 2014 | GB 2 | wati 60 | 16 | zimekoma |
| GTX 1050 Ti | 2016 | GB 4 | wati 75 | 16 | zimekoma |
| GTX 1650 | 2019 | GB 4 | wati 75 | 16 | zinatoka |
| RX 6400 | 2022 | GB 4 | wati 53 | 4 | zinatoka |
| RTX 3050 ya GB 6 | 2024 | GB 6 | wati 70 | 8 | zinatoka |

Tatu za juu zimepoteza draiva za gemu kwa sababu NVIDIA ilifunga mlango wa vizazi vya Maxwell na Pascal mnamo Oktoba 2025, ikabakiza marekebisho ya usalama tu. Gemu za zamani zitaendelea kufanya kazi. Gemu mpya itakayokuja na kasoro haitarekebishwa kwa ajili yako.

GT 1030 iache. Kibaya zaidi, ilitoka kwa aina mbili zenye jina moja: yenye kumbukumbu ya GDDR5 inasukuma GB 48 kwa sekunde, yenye DDR4 inasukuma chini ya 17. Sanduku linafanana na bei zinakaribiana. GTX 750 Ti inamfaa mtu wa PES ya zamani na GTA V kwa mipangilio ya kati, basi.

Ushindani wa kweli ni kati ya GTX 1650 na RX 6400, na hapa mashine ya zamani ndiyo inayoamua. RX 6400 ina njia 4 tu za PCIe. Katika mazabodi mpya ya PCIe 4.0 njia hizo zinapitisha takriban GB 8 kwa sekunde. Katika 9020 ya PCIe 3.0 inakuwa nusu yake. Mradi gemu inatosha ndani ya GB 4 za kadi, hutaona tofauti kubwa. Ikizidi, data inaanza kwenda na kurudi kupitia njia hiyo nyembamba, na fremu zinaporomoka kwa mshtuko. Mwenye OptiPlex 790 au 990, ambazo ni PCIe 2.0, asiinunue kabisa. Tena RX 6400 haina kisimbaji cha video ndani yake, kwa hiyo anayetaka kurekodi au kurusha gemu moja kwa moja ataitwisha mzigo huo prosesa yenye core nne. GTX 1650 inacho.

Upande wa pili, RX 6400 inakula umeme kidogo na kuna matoleo ya sloti moja. Kwa SFF yenye sloti iliyobanwa, ndiyo inayoingia. Kwa MT, chagua GTX 1650 bila kusita, ila hakikisha ni toleo lisilo na tundu la pini 6 juu. Matoleo mengi ya 1650 yana tundu hilo na OptiPlex haina waya wake.

RTX 3050 ya GB 6 ndiyo bora ya orodha, na i5 ya kizazi cha nne itaiacha ikipumzika katika gemu nyingi. Inafaa kwa sharti moja: una uhakika utahamia mashine mpya nayo. Kuhusu Intel Arc A380 na A310, bei huvutia, lakini zinategemea Resizable BAR (uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja) ambayo mashine hizi hazina, na bila hiyo zinapoteza nguvu nyingi.

Kadi iliyotumika isilipiwe kabla ya kuonekana ikifanya kazi. Kuna kadi za kale, za enzi ya GTS 450 na GTX 550 Ti, zilizoandikwa upya ndani zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows inadanganyika, programu ndogo ya GPU-Z haidanganyiki, huandika neno FAKE mbele ya jina. Iweke kwenye flashi uende nayo dukani. Kisha kadi ichezwe gemu nzito kwa dakika 15, ukitazama joto na kama kuna vidoa vya rangi. Nyumbani, kebo ya monita iingie kwenye kadi yenyewe. Ukiiacha kwenye mazabodi, kadi imelala.

## RX 580 na tamaa ya wati 185

Mtu akiona RX 580 ya GB 8 iliyotumika ikiuzwa karibu na bei ya GTX 1650, moyo unamwenda. Ni kadi yenye nguvu zaidi, hilo ni kweli. Lakini inakula wati 185 na inataka tundu la pini 8, na pawa saplai nzima ya 9020 MT ni wati 290.

Njia sahihi ni kubadilisha pawa saplai iwe ya wati 450 au 500 ya kampuni inayoaminika. Hapo 9020 na 7010 zinaachana: 7010 MT inatumia plagi ya kawaida ya pini 24, wakati 9020 ina plagi ya Dell ya pini 8, hivyo unahitaji adapta ya pini 24 kwenda 8. Jumlisha kadi, pawa saplai na adapta. Mara nyingi umeshavuka bei ya GTX 1650, na mashine imekuwa na joto zaidi ndani ya kesi yenye feni moja ya nyuma.

Njia isiyofaa, ambayo bado inauzwa, ni kebo ya SATA kwenda pini 6. Tundu la SATA limeundwa kubeba wati 54 kwenye volti 12. Pini 6 ya kadi inaweza kuvuta 75. Plastiki inayeyuka, na katika 9020 umeme wa diski unatoka kwenye mazabodi yenyewe, kwa hiyo kinachoungua si kebo peke yake. Usiikubali hata ukipewa bure.

Tena, kuna RX 580 zilizoandikwa 2048SP. Hizo kwa ndani ni RX 570. Si mbaya, lakini zilipiwe bei ya 570.

## Prosesa: i5 kwenda i7

i5-4590 ina core (viini) nne na nyuzi nne (threads, kazi inazoendesha kwa wakati mmoja). i7-4770 na i7-4790 zina core nne na nyuzi nane, zote ni wati 84 sawa na i5, kwa hiyo pawa saplai na kipoza joto vilevile vinatosha. Kwa 4790 sasisha BIOS kwanza, ukiwa bado na prosesa ya zamani ndani.

Usinunue kwa kukisia. Weka programu ya MSI Afterburner, cheza gemu yako dakika 20, usome namba mbili: matumizi ya kadi na ya prosesa. Kadi ikiwa asilimia 97 hadi 99, prosesa haina kosa. I7 haitakuongezea kitu. Kadi ikiwa 60 au 70 na core zote za prosesa zimegota 100, hapo i7 itasaidia, hasa kuondoa mikwamo ya ghafla mjini GTA V au katika Counter-Strike 2. Kabla ya kulipa, jaribu dawa ya bure: funga fremu zisizidi 60. Prosesa inapata nafasi ya kupumua na mikwamo mingi hupungua.

Joto nalo huiga ubovu wa prosesa. Programu ya HWiNFO ikionyesha zaidi ya nyuzi joto 90 za Selsiasi wakati wa gemu, puliza vumbi na badilisha pesti. Skrubu nne za kipoza joto zilegezwe kwa mshazari, kidogo kidogo. Pini ziko kwenye soketi ya mazabodi, na ikipinda moja mashine huenda isiwake tena. Prosesa iteremshwe wima bila kuisukuma.

GTA V Enhanced ya 2025 inaitaja i7-4770 kama kiwango cha chini na inalazimisha SSD. Toleo la zamani lilikuwa likipendekeza i5-3470, ile ile iliyomo kwenye 7010 nyingi. Gemu hiyo moja inaonyesha prosesa hizi zimefika wapi.

## Kubaki au kuhamia kizazi cha nane

Msaada wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mpango wa nyongeza kwa watu binafsi unaishia Oktoba 2026. Windows 11 haiitambui rasmi prosesa ya kizazi cha nne, na 9020 ina TPM (chipu ya usalama) 1.2 badala ya 2.0. Kuna njia za kuilazimisha, lakini mifumo ya gemu ya kuzuia udanganyifu haidanganyiki. Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha mashine). Battlefield 6 nayo inazidai. Kwa gemu za namna hiyo, kila shilingi unayoweka kwenye RAM na prosesa ya 9020 imepotea.

OptiPlex 3060, 5060 au 7060 yenye i5-8500 inakupa core sita, TPM 2.0, Windows 11 rasmi, na nafasi ya NVMe inayowasha Windows. Uzito wake ni bei ya RAM ya DDR4. Tafuta inayouzwa ikiwa tayari na GB 16, maana kuongeza baadaye kutakuuma.

Anayecheza GTA V ya zamani, FIFA na PES za miaka iliyopita, abaki na 9020: SSD, GB 16, GTX 1650, aishie hapo. Anayetaka FC 25, ambayo kiwango chake cha chini ni i5-6600K na GTX 1050 Ti, atacheza kwa mipangilio ya chini, ila yuko ukingoni. Anayelenga gemu zenye TPM aweke SSD sasa, asiguse RAM wala prosesa, na akusanye kwa ajili ya kizazi cha nane. Huyu akipata kadi nzuri njiani, ainunue ikiwa ni fupi, kwa sababu mashine nyingi za kizazi hicho sokoni ni SFF. Kadi fupi mara nyingi huja na vibati viwili vya nyuma, kirefu na kifupi. Kile usichokitumia kitunze pamoja na skrubu zake, maana kukipata baadaye peke yake ni shida.